UZI MAALUMU: Katuni fupi za wachoraji chipukizi kwenye TV, zinachaguliwaje na kwa nini nyingine zinarudishwa

#1 KaragosiMkuu

Wakuu, heshima kwenu.

Kila chaneli inapotangaza kwamba inapokea katuni fupi za wachoraji chipukizi, maswali huwa yale yale: nitumie programu gani, kompyuta iwe na RAM kiasi gani. Tutafika huko. Kwanza lisome tangazo lenyewe, tena lisome mara mbili, maana matangazo haya yako ya aina mbili na watu wanayachanganya.

Aina ya kwanza, chaneli inachagua wazo kisha inalipia utengenezaji. Hapo unapeleka storibodi (hadithi iliyochorwa picha kwa picha), michoro ya wahusika na ukurasa mmoja wa maelezo. Aina ya pili, chaneli inapokea kipande kilichokwisha kutengenezwa na kuchukua haki ya kukirusha. Hapo unapeleka faili. Ukipeleka katuni iliyokamilika kwa wale wa kwanza, umemaliza nguvu zako kwa kazi ambayo wangeilipia wao, na wakitaka mhusika abadilishwe unaanza upya. Ukipeleka storibodi kwa wale wa pili, hawana cha kurusha.

Mfano unaojulikana zaidi wa aina ya kwanza ni What a Cartoon! ya Cartoon Network, iliyoanza kurushwa Februari 1995. Aliyeibuni ni Fred Seibert, wakati huo rais wa Hanna-Barbera. Badala ya kumwaga bajeti kwenye mfululizo mmoja ambao haujajaribiwa, fedha ziligawanywa kwa wachoraji wengi, kila mmoja na kipande chake cha dakika 7 hivi, halafu watazamaji wakaachwa waamue. Vilitengenezwa vipande 48. Humo zilitoka Dexter's Laboratory ya Genndy Tartakovsky (mfululizo 1996), Johnny Bravo ya Van Partible na Cow and Chicken ya David Feiss (zote 1997), The Powerpuff Girls ya Craig McCracken (1998) na Courage the Cowardly Dog ya John R. Dilworth (1999). Kipande cha Dilworth kiliteuliwa hata kuwania Oscar. Vingi vya vilivyobaki vilirushwa vikaishia hapo, na hapo tunazungumzia kipindi kilichofanikiwa kuliko vyote vya aina yake.

Jambo la kushika: mchoraji hakuombwa andiko. Aliombwa storibodi, akasimama mbele ya bodi zake na kuisimulia hadithi mwanzo hadi mwisho, vichekesho vikiwa tayari vimechorwa. Kichekesho cha katuni kinakaa kwenye mchoro. Kwenye andiko la "anaanguka kwa namna ya kuchekesha" hakuna kitu cha kuhukumu.

#2 DogoMchoraji

Shukrani mkuu. Kwa nini dakika 7 na siyo 5 au 10? Na kwa Afrika vipindi vya namna hiyo vipo, au tunaongelea Marekani tu?

#3 KaragosiMkuu

Dakika 7 kwa sababu vipande vitatu vinajaza nusu saa ya TV, matangazo yakichukua kilichobaki. Na kimoja peke yake kinaweza kuziba pengo kati ya vipindi viwili. Tangazo likisema dakika 2 hadi 3, ujue wanatafuta vya kuziba mapengo tu. Usiwapelekee hadithi ya dakika 7 iliyobanwa, andika kichekesho kimoja chenye mwanzo na kishindo.

Afrika vipo. Cartoon Network Afrika ilifungua Creative Lab mwaka 2018, na huko ndiko Ridwan Moshood wa Nigeria alikopita na Garbage Boy and Trash Can. Kizazi Moto ya Disney+ (Julai 2023) ilikuwa filamu fupi 10 za Kiafrika zenye mandhari ya wakati ujao, Triggerfish ya Cape Town ikiwa studio kiongozi. Uganda iliwakilishwa na Raymond Malinga kwa Herderboy, Kenya na Ng'endo Mukii kwa Enkai. Ila soma vizuri: wengi wa pale walikuwa tayari wana filamu zao zinazojulikana. Neno "chipukizi" kwenye matangazo haya mara nyingi lina maana ya mtu ambaye hajaongoza mfululizo, siyo mtu ambaye hajawahi kumaliza kitu. Na Ubongo Kids ya Dar es Salaam usiiweke kundi hili. Ule ni mfululizo wa timu moja, haupokei vipande vya watu mbalimbali.

#4 BiMwaFremu

Niingie kwenye bodi, maana ndipo wengi wanapoangukia.

Dakika 7 zinabeba wahusika wawili, wa tatu kwa shida, na mahali pawili. Kila mahali papya ni mandhari mpya za nyuma, na kila pembe mpya ya kamera ni mandhari nyingine tena. Soko lenye watu mia linapendeza kwenye ukurasa wa kwanza wa bodi, kisha linakula mwezi mzima. Ndani ya sekunde 20 za mwanzo mtazamaji awe ameshajua huyu ni nani na anataka nini.

Bodi chora kwa kalamu nyepesi, picha moja kwa kila tendo jipya. Usipake rangi. Picha iliyopakwa rangi unaionea huruma kuikata, na bodi ni ya kukatwa.

Kisha animatiki, yaani bodi zako zikiwa video ya majaribio yenye sauti: rekodi sauti zote kwa simu, hata kama wote unawaigiza wewe, panga bodi juu ya sauti kwenye programu ya kuhariri. Itazame mara moja ukiwa umezima sauti. Kama hadithi haieleweki bila maneno, umetengeneza mchezo wa redio. Angalia pia nafasi baada ya kichekesho. Acha fremu (picha moja moja zinazounda video) 12 hadi 20 za utulivu kabla ya kukata, la sivyo mtu anacheka juu ya mstari unaofuata na anaukosa.

Sasa fremu. Afrika Mashariki tunarusha kwa mfumo wa 25 kwa sekunde. Programu za katuni za Blender, Krita na OpenToonz zote zinafunguka zikiwa na 24. Badilisha KABLA ya animatiki. Ukimaliza kwa 24 utabaki na njia mbili, zote mbaya. Ya kwanza ni kuharakisha: dakika 7 ni fremu 10,080, zikirushwa kwa 25 zinakwisha ndani ya dakika 6 na sekunde 43, na sauti inapanda kwa asilimia 4 hivi, mzee anaanza kusikika kama kijana mwenye haraka. Ya pili ni kurudia fremu moja kila sekunde, na kila kamera inapotembea utaona kishtuko kidogo kinachojirudia kama kwikwi.

Hesabu ya kazi: dakika 3 ni sekunde 180 mara 25, fremu 4,500. Ukichora mbili mbili, yaani kila mchoro ukae fremu mbili, ni michoro 2,250. Usilete wazo la dakika 7 kwa mtu mmoja kabla hujalipigia hesabu hii.

Na kwa kuwa 25 haigawanyiki kwa mbili, mzunguko wa kutembea usiupange kwa sekunde. Upange kwa fremu: michoro 12 mbili mbili ni fremu 24, mzunguko umefunga, hauna haja ya kulingana na sekunde.

#5 Mombasa_Penseli

Bi MwaFremu, salamu kutoka Mombasa. Swali la miguu kuteleza. Mhusika anatembea, mandhari inapita nyuma, lakini anaonekana kama yuko kwenye barafu. Kasi ya mandhari imepimwa sawasawa kabisa.

#6 BiMwaFremu

Kasi iko sawa, hatua za kusogea ndizo haziko sawa. Mhusika umemchora mbili mbili, mandhari programu inaisogeza kila fremu. Kwa hiyo kwenye fremu ya pili mguu umesimama, ardhi imeendelea. Dawa ni moja kati ya mbili: mchore mhusika kila fremu kwa shoti hiyo tu, au lazimisha mandhari nayo isogee kila baada ya fremu mbili. Kwa mwendo wa polepole njia ya pili inatosha. Kwa kukimbia tumia ya kwanza, vinginevyo mandhari itaonekana inarukaruka.

Kipimo: chagua mguu uliokanyaga chini. Kisigino kikirudi nyuma pikseli 14 kati ya mchoro na mchoro, mandhari nayo irudi 14. Siyo 13.

Kwa kuwa tumegusa kulinganisha vitu, na midomo. Chati za midomo zinazozunguka mtandaoni ni za Kiingereza. Kwa mazungumzo ya Kiswahili nakushauri midomo 8: A, E, I, O, U, uliofungwa kwa m/b/p, wa meno kwenye mdomo kwa f/v, na mmoja wa konsonanti zilizobaki. Kama mhusika anasema sana "thamani" na "dhahabu" ongeza mmoja wa ulimi kati ya meno. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo ukipatia irabu umemaliza kazi. Mdomo uliofungwa usiuruke hata neno likiwa la haraka, upe angalau fremu 2, jicho linaugundua ukikosekana kuliko mwingine wowote. Na mdomo utangulie sauti kwa fremu 1 au 2. Ukichelewa hata kwa moja, kila mtu anaona.

#7 Shungi_wa_Rangi

Wanaopeleka kipande kilichokamilika, haya ndiyo yanayorudisha kazi.

Rangi kupauka kwenye Blender. Toleo la 2.80 hadi 3.6 linakuja na mpangilio wa rangi unaoitwa Filmic, kuanzia 4.0 linakuja na AgX. Zote zimetengenezwa kwa ajili ya mwanga wa 3D, na katuni ya rangi bapa zinaifanya ionekane kama imefuliwa kwa dawa ya madoa. Nenda kwenye mpangilio wa rangi, chagua Standard. Fanya hivyo siku ya kwanza, siyo baada ya kuchagua rangi zote.

Mistari myembamba. Chaneli nyingi bado zinarusha 1080i, ambayo inagawa picha kwa mistari inayopishana. Mstari wa mlalo wenye unene wa pikseli 1 unaonekana kwa zamu, kwa hiyo unamemeteka. Paa la mabati na kingo za meza ndizo zinazoumbua. Unene uanzie pikseli 3, kingo ziwe laini.

Eneo salama. Kwa 1920 kwa 1080, maandishi yakae ndani kwa asilimia 5 kila upande, yaani pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini. Matendo muhimu asilimia 3.5, pikseli 67 na 38. TV nyingi za majumbani bado zinakata kingo. Na kona ya juu usiweke kichekesho, nembo ya chaneli inakaa huko.

Kurenda, yaani kuitoa kazi ikiwa picha za mwisho: toa fremu moja moja za PNG, usitoe video moja kwa moja. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 3,100, video nzima imeharibika, lakini PNG zinaendelea kutoka 3,101. Kwenye Blender ondoa tiki ya Overwrite, itaruka zilizokwisha. Majina yawe na tarakimu 5, maana dakika 7 ni fremu 10,500 na tarakimu 4 zinaishia 9,999.

#8 Mombasa_Penseli

Hapo kwenye mwako wa taa sijaona mtu amegusa, na kwa vipindi vya watoto chaneli makini haicheki na jambo hilo.

Tarehe 16 Desemba 1997 kipande kimoja cha Pokémon kilirushwa Japani kikiwa na mmweko wa nyekundu na bluu wa takriban mara 12 kwa sekunde. Watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali. Tangu hapo viwango vikakazwa. Kanuni fupi: mimweko isizidi 3 kwa sekunde moja kama inachukua zaidi ya robo ya skrini. Nyekundu iliyokolea inahesabiwa kwa ukali zaidi. Hivyo radi, milipuko, bunduki za miale na ile mbinu ya kubadilisha mandhari nyeupe na nyeusi mhusika akigongwa kichwani, zote zipitie kwa darubini. Mistari mingi myeusi na myeupe inayojirudia ni hatari pia hata bila kumweka.

Dawa siyo kuondoa radi. Punguza tofauti ya mwanga, iwe kijivu badala ya nyeupe, au mmweko mmoja kisha uufifishe kwa fremu 10. Kazi ikifeli kipimo hiki huwa hawakuharirii, wanairudisha.

Kwa Kenya pia, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku maudhui ya watu wazima hayaruhusiwi hewani. Matusi ya kuchekesha yaliyokupa watazamaji YouTube hapa yanaiondoa kazi kwenye meza.

#9 Sauti_Safi

Sauti. Nitakuwa mfupi maana orodha ni ile ile kila mahali.

Sampuli 48 kHz, biti 24. Siyo 44.1, hiyo ni ya muziki wa CD. Ukubwa wa wastani −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kilele cha kweli kisizidi −1 dBTP (desibeli za kilele), baadhi ya chaneli zinataka −3. Katuni iliyotengenezwa kwa YouTube huwa karibu na −14, yaani iko juu kwa desibeli 9. Usiibane kwa limita (kifaa cha kukandamiza vilele vya sauti) ifike, ishushe nzima. Audacity ina Loudness Normalization, weka −23, halafu kilele kipime kwa mita nyingine.

Mazungumzo rekodi kabla ya kuchora, kilele kikiwa kati ya −12 na −6. Chumba kisiwe cha vigae na kuta tupu. Mwangwi ukishaingia hautoki, na mhusika aliye porini anasikika yuko bafuni. Kabati la nguo lililofunguliwa nyuma ya msemaji na godoro mbele yake vinatosha.

Kosa kubwa kuliko yote: kuchanganya kila kitu kwenye njia moja. Toa mchanganyiko kamili kwenye njia 1 na 2, na kwenye 3 na 4 uweke muziki na vishindo bila maneno. Chaneli inayorusha nchi kadhaa inahitaji kuweka sauti za lugha nyingine. Bila hizo njia mbili, katuni yako ina thamani kwa wasemaji wa Kiswahili tu. Ni hivyo hivyo kwa picha: kama kuna bango limeandikwa "DUKA LA MZEE", toa na shoti hiyo bila maandishi.

#10 DogoMchoraji

Muziki nimeona watu wanachukua ule wa bure wa mtandaoni. Unaruhusiwa TV?

#11 Wakili_wa_Vibonzo

Inategemea leseni, siyo neno "bure". Ruhusa ya kuutumia YouTube siyo lazima iwe ruhusa ya kurusha kwenye TV. Sauti za tovuti ya Freesound nyingine zina CC0 (mwenyewe ameachia haki zake), hizo huna wasiwasi, nyingine zina alama ya NC, maana yake zisitumike kibiashara, na TV ni biashara. Fonti nazo ni vivyo hivyo, "kwa matumizi binafsi" haihusu jina la katuni linalorushwa hewani. Weka jedwali moja: kila sauti, fonti na picha, ilikotoka, leseni yake, tarehe uliyoipakua. Chaneli itakuomba usaini kwamba kila kitu ni halali yako, na ukisaini bila jedwali hilo deni la baadaye ni lako.

Sasa mkataba, ambao ndio watu wanauruka kwa furaha ya kuchaguliwa.

Hakimiliki hailindi wazo. Inalinda ulichokichora na kukiandika, na inaanza pale pale unapokitengeneza. Kusajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kunakupa ushahidi wa tarehe, basi. Kwa hiyo kusema "waliiba wazo langu la sungura mjanja" hakukufikishi mbali, lakini sungura wako mwenye umbo, jina na storibodi ya kurasa 60 ni mali.

Angalia vipengele vinne. Kwanza, wanachukua nini: haki ya kurusha kipande, au mhusika mwenyewe pamoja na mfululizo, vitabu na midoli? Pili, opsheni, yaani muda ambao wao peke yao wana haki ya kuamua kuendeleza. Mwaka mmoja hadi mwaka na nusu ni kawaida. Opsheni isiyo na tarehe ya mwisho ni kifungo. Tatu, wasipoendeleza, haki zinarudi kwako lini na kwa masharti gani? Nne, jina lako kama mbunifu, linakaa wapi na muda gani.

Kipengele cha tatu ndicho kinachookoa. Adventure Time ya Pendleton Ward ilianza kama kipande kifupi kwenye kipindi cha Random! Cartoons cha Nickelodeon. Nickelodeon hawakuigeuza mfululizo. Cartoon Network wakaichukua, ikaanza Aprili 2010 na kudumu misimu 10. Kazi ikikwama kwenye droo ya chaneli moja bila njia ya kutoka, haina hata nafasi ya kukataliwa na chaneli ya pili.

#12 Mombasa_Penseli

Wakili, hapo nakupinga kidogo. Mchoraji wa kwanza hana nguvu ya kujadili vipengele vinne. Akianza kubishana wanamchukua mwingine.

#13 Wakili_wa_Vibonzo

Ni kweli hana nguvu ya kupata vyote. Asibishane kuhusu bei. Aombe kimoja tu, tarehe ya haki kurudi. Haiwagharimu chochote leo, ndiyo maana mara nyingi inakubaliwa. Na wakikataa hata hiyo, apeleke kipande cha pembeni, mhusika anayempenda kuliko wote ambakize nyumbani.

#14 DogoMchoraji

Swali la mwisho wakuu. PNG ninazo, sauti ya WAV ninayo, wanataka video ya aina ya ProRes 422 HQ. Nimebadilisha kwa programu ya ffmpeg, nyekundu imegeuka kama ya matofali. Na flashi ya GB 32 inakataa faili ingawa ina nafasi.

#15 Shungi_wa_Rangi

Ni matatizo mawili tofauti.

Rangi: ffmpeg ikigeuza PNG kwenda video hutumia hesabu ya rangi ya TV za zamani (601) usipoiambia vinginevyo, halafu TV ya HD inaisoma kwa 709. Nyekundu na kijani ndizo zinazosogea. Tumia hivi, mstari mmoja:

`ffmpeg -framerate 25 -i fremu_%05d.png -i sauti.wav -vf scale=out_color_matrix=bt709 -c:v prores_ks -profile:v 3 -pix_fmt yuv422p10le -color_primaries bt709 -color_trc bt709 -colorspace bt709 -c:a pcm_s24le katuni.mov`

Kama sauti yako ina njia 4, hakikisha WAV yenyewe ina 4 kabla. Amri hii haiziongezi.

Flashi: ProRes 422 HQ ya 1080 kwa fremu 25 ni megabiti 184 kwa sekunde. Dakika 3 zinafika GB 4.1, dakika 7 karibu GB 9.7. Flashi nyingi zinauzwa zikiwa na mfumo wa faili wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4.3 hivi hata kama kuna nafasi ya kumi. Ifomati upya iwe exFAT, kwanza toa vilivyomo maana vitafutika. NTFS epuka, Mac inaisoma bila kuandika.

Ukishanakili, tengeneza MD5 (namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili ili kuthibitisha kwamba halijabadilika) ya faili kwenye kompyuta na ya lile lililo kwenye flashi, uzilinganishe. Zikitofautiana hata herufi moja nakili tena, na flashi hiyo usiitumie. Namba ya MD5 iweke kwenye faili la maandishi pembeni, jina la faili bila nafasi wala alama: jina la katuni, toleo, lugha, tarehe. "FINAL_mpya_kabisa2.mov" likifika kwenye seva yenye katuni nyingine 200, anayelitafuta hatajua ni la nani.